Congratulation ya mmoja, congratulations za wengi

Mahafali za kidato cha nne zikishaanza, kuanzia mwezi wa tisa hivi mpaka watoto wanakaribia kuingia kwenye mtihani mwezi wa kumi na moja, pita kwenye zile steshenari za Tabora mjini zinazoprinti mabango na kwa akina dada wanaopamba keki, utakuta neno moja limeandikwa kwa namna mbili, hapa lina s mwishoni pale halina, na ukiangalia haraka haraka utasema hawa watu wanabahatisha tu. Hawabahatishi bana. Keki ya mtoto mmoja inaandikwa "Congratulation Neema", keki ya mapacha au ya darasa zima inaandikwa "Congratulations Form Four", na bango la harusi kwa kuwa lina watu wawili nalo linapewa s yake. Kuna dada mmoja nilimuuliza kabisa, nikamwambia dada hapa mbona hujamalizia s, akanijibu bila hata kuinua macho, mkono umeminya ule mfuko wa krimu anamalizia mkia wa n, "kaka si ni mmoja huyo."

Si ni mmoja huyo. Mimi hilo jibu nimeliwaza sana, maana mitandaoni tumezoea kuchekana, mtu anapiga picha bango la watu, anazungushia rangi nyekundu pale ambapo s haipo, anaposti, na watu wanajazana chini wanasema elimu ya nchi hii imekufa. Naona wanachekea pasipostahili. Aliyeandika "Congratulation Neema" hajasahau sarufi, ameitumia, tena ameitumia kwa umakini kuliko anayemcheka, ila ni sarufi ya Kiswahili imeingia ndani ya neno la Kiingereza na humo ndani haina kazi.

Angalia tunavyofanya wenyewe kila siku. Mtu mmoja unamwambia asante, wakiwa wawili asanteni. Karibu, karibuni. Pole, poleni. Kwa heri, kwa herini. Hongera, hongereni, na hapo kwenye hongera hata ile a ya mwisho inageuka kuwa e kama inavyogeuka kwenye vitenzi, soma someni, lala laleni, hongera hongereni, yaani Kiswahili kimeichukua pongezi kikaifanya kama amri unayompa mtu. Ukiingia sehemu wamekaa wazee watatu unatupa shikamooni moja imetosha. Mpaka maneno ya kigeni yenyewe hayajapona, watoto wakitoka tuisheni utawasikia "baini", yaani bai kwa nyie wote, na hakuna mwalimu aliyewafundisha hiyo. Sasa hiyo -ni ya mwishoni inahesabu watu. Haina habari asante ziko ngapi wala zina uzito gani, ukishukuru mpaka ukalia kama unayemshukuru ni mmoja basi ni asante, na ukishukuru kijuujuu tu watu arobaini ni asanteni. Kwa Kiswahili ukitaka kumpa mtu neno la heri lazima kwanza umwangalie yuko na nani.

Na huku kwetu hiyo tabia imeshindiliwa mara mbili, maana kuna watoto kabla hawajakijua Kiswahili vizuri wameshasikia nyumbani wabeja na mwabeja. Kinyamwezi na ndugu yake Kisukuma wanaweka hesabu mbele ya neno badala ya nyuma, wabeja ni asante ya mmoja, mwabeja ya wengi, wangaluka ni kumuamkia mmoja, mwangaluka ni wengi. Ila hapo kuna utamu wake, mzee hata akiwa peke yake kibarazani unampa mwangaluka ya wengi, kwa heshima, na ukimpa babu wa watu wangaluka kavu kavu atakuangalia kuanzia kwenye ndala mpaka usoni. Hiyo ya mzee mmoja kupewa wingi iweke pembeni kidogo, tunaihitaji sasa hivi.

Njoo kwa Mwingereza. Mwingereza wa leo hana mahali pa kuhesabia watu anaoongea nao, "you" ni wewe na "you" ni nyinyi, basi. Zamani alikuwa nayo, alikuwa na "thou" ya mmoja na "ye" au "you" ya wengi, halafu ikamtokea ile ile ya mwangaluka, watu wakaanza kuwapa wakubwa "you" ya wengi kwa heshima, kisha ikawa mfanyabiashara naye anaitaka, jirani naye anaitaka, nani anataka kuonekana hana adabu, mpaka kufika karne ya 18 kwenye mazungumzo ya kawaida ya mjini "thou" ilikuwa imeshabaki kwenye sala na mashairi na lahaja za vijijini. Hata "goodbye" ni ya hiyo hiyo hadithi, imetoka kwenye "God be with ye", Mungu awe nanyi, ya karne ya 16, ile "ye" ina wingi wa watu ndani yake ila umemezwa kabisa hausikiki. Kwa hiyo leo "thank you" unampa muuza vitumbua mmoja na "thank you" hiyo hiyo unaipa uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukiwa umejaa.

Sasa mtu ambaye hana pa kuhesabia watu anahesabu nini? Anahesabu alichobeba. "Congratulations" wingi wake ni wa pongezi zenyewe, "thanks" wingi ni wa shukrani, "condolences" ni wa rambirambi, na "greetings" na "regards" na "best wishes" hivyo hivyo, anayepokea awe mmoja awe kata nzima ya Ng'ambo s iko pale pale haitikisiki. Ndo maana Neema peke yake, mtoto mmoja, na keki yake moja, anastahili s. Yule dada wa keki amehesabu sawasawa, amehesabu watu, wakati Kiingereza kilikuwa kinamuuliza pongezi.

Hapo kuna watu watasema sasa pongezi moja inakuwaje nyingi, huyu Mwingereza naye hana akili. Hapana, taratibu. Sisi tunakunywa maji, na hakuna mtu amewahi kukuomba ji moja. Maji, maziwa, mafuta, mate, yote yana ma- ya wingi na hayana umoja wake, na hatujawahi kukaa kikao kulijadili hilo. Kwenye maneno ya heri pia tunayo, matashi mema nani amewahi kumtakia mwenzake tashi jema, na Waswahili wa pwani wana lile neno la kumwambia mfiwa, makiwa, hilo nalo limevaa ma-. Kila lugha ina vitu inavyoviona kama rundo, havitolewi kimoja kimoja, na Mwingereza ameamua heri ni rundo.

Halafu kitu ambacho naona kinapitwa sana hata na walimu ni kwamba sisi wenyewe tukitoka kwenye hongera na asante, tukaingia kwenye nomino, tunakuwa kama Mwingereza kabisa. Sikiliza hotuba yoyote ya mgeni rasmi. "Natoa pongezi zangu za dhati." Zangu. Hajasema pongezi yangu, hata kama anampongeza mkuu wa shule mmoja tu aliyekaa pembeni yake. "Fikisha salamu zangu kwa mama." Mama ni mmoja na salamu ni zangu. "Pokeeni rambirambi zetu", "shukrani zangu ziwafikie", zote zinakwenda na z ya wingi. Kwa sababu pongezi na salamu na shukrani na rambirambi zina sura moja kwenye umoja na kwenye wingi hatuuoni ule wingi tukiliangalia neno peke yake, ila ukilipa kivumishi tu unajitokeza wenyewe. Kwa hiyo s ya Mwingereza tunayo siku zote, iko kwenye z ya zangu.

Na hii inatoa njia ya kujipima ambayo mimi nimeanza kuwapa vijana wanaokuja kuandikiwa mambo yao na inasaidia kiasi. Kabla hujaandika neno la heri kwa Kiingereza liseme kwa Kiswahili halafu uliweke na yangu au zangu. Pongezi zangu, weka s. Salamu zangu, s. Shukrani zangu, s. Baraka zangu, "blessings", s. Dua zangu, "prayers", s. Ushauri wangu, hapo hakuna wingi, na kweli "advice" haina s hata ushauri uwe wa siku nzima, wale wanaoandika "thank you for your advices" waache. Huruma yangu, "sympathy", haina, ingawa huyo anaweza kuivaa akiamua, "my sympathies" ipo na ni sahihi. Bahati yangu, "luck", haina, "good lucks" haipo popote.

Kipimo kinafeli wapi? Kinafeli kwenye karibu. Makaribisho yangu ni wingi kwetu ila "a warm welcome" ni moja tu. Na kinachekesha kwenye habari, habari zangu ni nzuri, "news" kweli ina s mwishoni lakini ukienda kwenye kitenzi unakuta "my news is good", imevaa wingi inakula kama umoja. Kwa hiyo ni kipimo cha kuanzia tu usije ukaapa nacho.

Tuje kwenye shukrani maana ndo kuna mzozo mkubwa. Nyuma ya bajaji na vioo vya daladala utakuta maandishi mawili yanatawala, "Thanks God" na "Thanks Mama", na wajuaji wanaicheka ya kwanza. Hoja yao ni ya kweli, "thank" bila s ni kitenzi, kushukuru, na "thanks" yenye s ni nomino, shukrani, kwa hiyo ukitaka kusema Mungu ashukuriwe unasema "Thank God", Mungu anakuwa ndiye anayeshukuriwa na kitenzi, au ukiipenda sana ile nomino unampa Mungu "to" yake kama wanavyojibu kanisani misa ikiwa ya Kiingereza, "Thanks be to God", ambayo kwa Kiswahili ni ile Tumshukuru Mungu na kwa Kilatini Deo gratias. Sawa. Lakini mbona hamuicheki "Thanks Mama"? Imejengwa vile vile, na iko sahihi, kwa sababu mwenye bajaji anaongea na mama yake, shukrani, mama. Basi na yule wa "Thanks God" naye kama anaongea na Mungu moja kwa moja, shukrani ee Mungu, kosa lake ni mkato tu, na nani aliyewahi kuona mkato nyuma ya bajaji? Mimi huyo namuachia. Ambaye simuachii ni anayeandika status "Thanks God I passed", huyo haongei na Mungu, anatuhadithia sisi, na hapo s imezidi. Na "Thanks you" haina mtetezi, hata mimi nimejaribu nimeshindwa.

Kwenye misiba sasa ndo nilipopata burudani, kama inaruhusiwa kusema burudani. Kwa navyoona mimi watu wanaokosea "congratulation" hawakosei "condolences", mtu yule yule, simu ile ile. Nikawa najiuliza kwa nini, na naamini jibu liko kwenye poleni. Sisi mfiwa hata ukimkuta amekaa peke yake chini ya mwembe hausemi pole ukaishia hapo, unasema poleni, poleni na msiba, maana msiba hauwi wa mtu mmoja, pale yeye anaipokea kwa niaba ya ukoo mzima hadi wale walio kwenye treni bado hawajafika. Ile -ni inahesabu mpaka wasiokuwepo. Sasa mtu akigeuza poleni kwa Kiingereza kichwani kuna watu wengi, anaweka s, inatoka "condolences", sahihi kabisa, ila kwa sababu ambayo Mwingereza haijui. Na akigeuza hongera ya Neema kichwani kuna Neema peke yake, s inadondoka. Hesabu ni ile ile, moja imempa maksi moja imemnyima. Wazazi tunaoambiwa hongereni kwa sababu ya mtoto mmoja aliyefaulu tungeandikiwa sisi ile keki s ingekuwepo.

Rambirambi yenyewe ina tatizo lingine, kwa Watanzania wengi siku hizi ukisema rambirambi wanafikiria bahasha, fulani ametoa rambirambi kiasi gani, kwa hiyo ukimpelekea mtu "my condolences" ukidhani umetafsiri rambirambi ujue upande wa bahasha umebaki Tabora. "Condolences" ni maneno tu. Neno limetoka Kilatini, kuumia pamoja na mtu, kama "congratulations" nayo ilivyotoka Kilatini, kufurahi pamoja na mtu, zote zina ile "con" ya pamoja mbele. Halafu kuna "RIP" ambayo tunaibandika kwenye kila picha ya marehemu, hiyo imeponyoka kwenye ugomvi wote huu kwa bahati tu, Kilatini chake kwa mmoja ni "requiescat in pace" na kwa wengi ni "requiescant in pace", yaani Kilatini kinahesabu watu kama sisi, ila herufi za mwanzo zinabaki zile zile na Kiingereza "rest in peace" haibadiliki, kwa hiyo hata uandike mara ngapi huwezi kukosea wingi.

Kama kuna mji ambao ungepaswa kuwa na uvumilivu kwenye haya mambo ni huu wetu. Waarabu walikuja na misafara mpaka Unyanyembe huku wakiwa na ahsanta yao, ambayo ndo asante yetu, na kwa Kiarabu hiyo ni kitenzi, umefanya vizuri, tena umefanya vizuri ewe mwanaume mmoja, mwanamke ana ahsanti yake na wengi wana ahsantum. Sisi tukaichukua ile ya mwanaume mmoja tukampa kila mtu mpaka mama na shangazi, halafu wengi tukawatengenezea wingi wetu wenyewe kwa -ni. Mwarabu akisikia asanteni anaweza kucheka kama tunavyocheka bango. Wakaja Wajerumani, reli yao ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na Mjerumani ambaye Kiingereza ni ndugu yake wa damu anasema "vielen Dank", shukrani ya umoja, na pongezi yake ya kawaida "herzlichen Glückwunsch" ni ya umoja pia, hapo hana s wala mfano wa s. Septemba 1916 Wabelgiji wakautwaa mji, Mfaransa na Mbelgiji wake wanasema "félicitations" na "condoléances" kwa wingi ila "merci" yao ni moja. Baadaye Waingereza. Mhispania na Mwitaliano hawakufika kututawala ila "gracias" na "grazie" zao ni wingi, na Mhispania kavuka mpaka, hata kukutakia siku njema anakutakia "buenos días", siku nyingi, wakati Mreno jirani yake hapo anakupa "bom dia", siku moja imetosha, halafu kwenye pongezi Mreno huyo huyo anageuka anakupa "parabéns" ya wingi. Ukitafuta mantiki moja hapo utaumwa kichwa. Kila mtu amezoea lake.

Na usije ukadhani "congratulation" bila s ni neno la uongo, lipo. Ukiwa unataja jambo lenyewe kama aina ya kitu na haumpi mtu hapo hapo, umoja unakaa vizuri, "a letter of congratulation", barua ya pongezi, kama "a letter of condolence". Kitabu cha maombolezo kinachofunguliwa akifa kiongozi kinaitwa "condolence book", bila s, ila utakachoandika mle ndani ni "condolences". Neno likiwa mbele ya nomino nyingine linakuwa mvivu, linapenda kuvua s. Lakini hata wao hawaelewani, Mmarekani anakuuzia "greeting card" na Mwingereza anakuuzia "greetings card", kadi ile ile, na hakuna aliyempiga mwenzake picha akazungushia rangi nyekundu. Ukifupisha ukasema "congrats" s inabaki, wala sijawahi kuona kijana ameandika "congrat", sijui kwa nini ile fupi hawaikosei, labda kwa sababu wameichukua nzima nzima kwenye simu bila kupitia hongera kwanza.

Kuna hizi ndogo ndogo za kadi za success, zile tulizokuwa tunapeana kabla ya mtihani. "Best wish" hapana, "best wishes". "All the best" imeshakamilika usiiongezee kitu. "Success" mwisho wake unaonekana kama wingi lakini ni umoja. "Happy birthday" kwa mapacha inabaki "happy birthday" kwa sababu siku ni moja waliyozaliwa, ila "many happy returns" ina wingi wa maana kabisa, unaitakia hiyo siku irudi tena na tena. "Congraturations" yenye r katikati ni ugomvi mwingine, wa l na r, ambao wengi wetu tulizaliwa nao na hauhusiani na wingi, tusiuchanganye humu.

Lawama kama lazima ziende mahali mimi nazipeleka kwenye namna tulivyofundishwa wingi. Mtoto wa shule ya msingi anaambiwa kimoja hakina s, viwili vina s, one book two books, one pen two pens, na anaimba na darasa zima mpaka inaingia. Ni kweli kwa vitabu na kalamu. Halafu anafika kidato cha kwanza Kiingereza kinageuka kuwa lugha ya karibu masomo yote, fizikia, jiografia na mengine, na hakuna mtu anarudi nyuma kumwambia kwamba kuna maneno ambayo s yake haihesabu unachokiona. Mwalimu anayesema "congratulations ina s, kariri" amempa jibu bila sababu, na mtoto mwenye akili ya Kiswahili akija kuandika peke yake akili itamrudisha kwenye sababu anayoijua, mmoja au wengi. Ingechukua dakika chache tu kuandika ubaoni hongera na hongereni upande mmoja, pongezi zangu upande wa pili, ukamwambia Kiingereza kiko upande huu wa pili. Hakuna vifaa, hakuna semina, chaki inatosha. Wanaosema hii ni kulea uzembe nawaelewa, na mimi sijasema keki iachwe hivyo, mteja amelipa hela yake na bango la mahafali linapigwa picha linakaa miaka, s iwekwe. Nachosema ukimsahihisha mtu mwambie yeye amehesabu nini na kilichopaswa kuhesabiwa ni kipi, atakumbuka mwenyewe siku zote, kuliko kumcheka afu mwakani anaandika tena.

Ambapo s inauma kweli ni kwenye barua za kazi, na hapo sicheki na mtu kwa sababu nazisoma nyingi, vijana wananiletea niwapitishie macho. Kuna neno moja linawamaliza, "regard". Juu ya barua wanaandika "With regards to your advertisement", na chini wanamalizia "Kind regard", yaani s imehama nyumba. Pale juu ni "With regard to", kuhusu, hapo hakuna salamu hata moja, umoja. Pale chini ndo salamu zako, zako, kwa hiyo "Kind regards". Kijana mmoja nilimuonyesha akasema kaka si bora niandike "About" nikamwambia "Regarding" itakaa vizuri zaidi na haina ugomvi. Na kwa nafasi za serikali zinazotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira tangazo lenyewe linasema barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, ila vijana wengi wakifika hapo kwenye neno Kiswahili wanaliruka kama hawajaliona.